Pikapu Iliyosita Barabarani

Umewahi kukanyaga mafuta mpaka mguu ukagusa sakafu, gari likabaki linakutazama tu kama mtoto aliyesusa kutumwa dukani? Kama bado, shukuru. Na kama imewahi kukutokea mahali penye nafasi, ukatukana kidogo, ukacheka, ukamwita fundi, basi shukuru mara mbili. Dereva mmoja, jina lake Taratibu, hakupata hata nafasi ya kutukana.

Alikuwa amelalia usukani wa pikapu ya ushirika wa maziwa, pale barabara ndogo ya kituo cha maziwa inapoungana na barabara kuu. Lori la mchanga lilikuwa limemgonga mlangoni. Madebe yalikuwa yametapakaa, mengine yamefunuka vifuniko, na maziwa yalikuwa yanatiririka taratibu kufuata mteremko wa lami mpaka mtaroni. Paka mmoja alikuwa anayalamba. Hakuna aliyemfukuza.

Inspekta alifika na mwavuli wake, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe pe. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo na mwendo wa mtu anayehesabu kokoto. Kituoni kwa polisi walimwita Mama Kwanini, lakini si mbele yake.

"Nani amemgusa?"

"Daktari tu, afande," alijibu konstebo. "Anasema alikata roho palepale."

Inspekta aliinama mpaka mwavuli ukagusa chini. Hakuangalia uso wa marehemu. Aliangalia miguu. Kiatu cha kulia, cheusi, kilichofungwa kamba vizuri, kilikuwa kimebana juu ya pedali ya mafuta. Pedali ilikuwa imezama mpaka mwisho.

"Konstebo, ukiona lori linakujia, unakanyaga nini?"

"Breki, afande."

"Huyu alikanyaga mafuta. Kwa nini?"

"Labda alichanganyikiwa."

"Au labda alitaka kuondoka pale."

Dereva wa lori alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, kofia yake ameikunja viganjani kama anakamua nguo.

"Alikuwa na nafasi, afande. Naapa. Mimi nilikuwa kule mbali, kwenye nguzo ile ya umeme. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia. Nikasema moyoni, huyu ndiye dereva. Kisha akaingia."

"Halafu?"

"Halafu akasita. Hakuzima. Injini niliisikia. Gari lilikuwa linatambaa tu kama linavuta nyumba. Nikapiga honi. Nikakanyaga breki, lakini mchanga nyuma ukanisukuma."

"Yeye alifanya nini?"

"Alinitazama." Dereva akakamua kofia tena. "Alinitazama tu, afande. Kama mtu anayeomba radhi."

Sasa, wale waliomjua Taratibu walijua jambo moja. Jina lile hakupewa bure. Wenzake walimtania kwamba akiona kuku njiani husimama amwulize anakwenda wapi. Hakuna aliyeamini kwamba mtu yule aliingia barabara kuu kwa pupa.

Mkewe ndiye aliyekuwa mpima maziwa wa kituo kile. Alikuwa ameyaona yote kupitia dirishani. Inspekta alimkuta amesimama katikati ya chumba cha kupokelea maziwa, koti lake jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu, na mkononi bado ameshika kile kijiti cha kioo cha kupimia kama maziwa yametiwa maji. Inspekta alikichukua polepole, akakiweka mezani.

"Pole sana, mama. Nina maswali machache, halafu nitakuacha."

"Uliza, afande. Nikinyamaza nitaanguka."

"Asubuhi alikuwa mzima?"

"Mzima. Alipofika hapa na maziwa ya wafugaji alisema gari leo linavuta kwa uvivu. Halafu akacheka. Akasema, 'Mgonjwa wetu kaamka tena.'"

"Mgonjwa gani?"

"Gari. Liliwahi kuugua ugonjwa huohuo, kabla ya mvua. Lilikaa gereji wiki nzima."

"Na safari hii gereji limetoka lini?"

"Jana jioni. Kwa kaka yangu."

"Fundi ni kaka yako?"

"Wa tumbo moja."

"Na mumeo, walikuwa wakipatana?"

Mpima maziwa alifungua kifungo cha juu cha koti, akakifunga tena.

"Walikuwa wakipatana. Ila jana nilipita pale gereji, nikawakuta wanabishana. Kaka alikuwa amepaza sauti. Alisema..."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Shemeji, gari hili litakuua.'"

Maneno yalipomtoka alijiziba mdomo kwa mkono. Lakini neno likishatoka halirudi. Konstebo alikuwa ameshaliandika.

Fundi alikamatwa mchana huohuo akiwa chini ya gari la mtu. Hakukimbia. Aliomba tu kwanza akaze nati aliyokuwa ameilegeza, ili mwenye gari asije akapata ajali.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti viwili, na dirisha dogo lililotazama jiko la askari. Harusi ya masufuria ilisikika huko muda wote.

"Jana uligusa nini kwenye pikapu?"

"Nilibadili oili. Nikaweka chujio jipya la hewa. Nikakaza vibano vya mabomba ya tabo. Nikalijaribu kwenye mlima wa tangi la maji, lilipanda kama swala."

"Tabo ni nini? Nieleze kama mtoto."

Fundi aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Ni kifeni, afande. Moshi wa injini ukitoka unakizungusha, nacho kinasukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli inaungua vizuri, gari linapata nguvu. Tabo likichelewa, unakanyaga mafuta halafu unasubiri."

"Shemeji yako alikanyaga, akasubiri, akafa. Na wewe ulikuwa umeshamtabiria. Kwa nini?"

Fundi alitazama dirisha la jiko.

"Ulisema gari litamuua. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Ulijua lina kasoro?"

"Lilipotoka kwangu halikuwa na kasoro."

"Basi lingemuua kwa nini?"

Fundi alitazama viganja vyake. Vilikuwa na weusi wa oili kwenye kila mstari. "Siwezi kusema."

"Huwezi, au hutaki?"

"Nilimwahidi mtu."

"Nani?"

"Huyohuyo aliyekufa."

Mkuu wa kituo cha polisi, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, alicheka kwa pua. Alimvuta Inspekta kando.

"Ahadi kwa maiti! Nimekaa kazini nywele zimeota mvi, hiyo sijaisikia. Mtu kakiri kwamba alitamka. Dada yake mwenyewe ni shahidi. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kwa nini gari lilisita."

"Wewe na kwa nini zako. Jumatatu anapandishwa kizimbani kwa mauaji. Kama una la kuniambia, niambie kabla ya hapo."

Inspekta alirudi ofisini, akakaa. Akaufungua mwavuli, akaufunga. Aliona wazi kinachokuja: mwanamke mmoja atamzika mume, kisha ataitwa mahakamani kumfunga kaka yake kwa ulimi wake mwenyewe. Na sheria, Inspekta aliijua, haina mlango wa kurudisha neno.

Mabaki ya pikapu yaliburutwa hadi ua wa polisi. Mlango wa dereva ulikuwa umeingia ndani, lakini mbele kulisalimika. Mkaguzi wa magari wa polisi, bwana mmoja mrefu aliyezoea kuzungumza na injini kuliko na watu, alifungua boneti, akaipapasa kama daktari anayempapasa tumbo mtoto.

"Haya, bibi," aliiambia injini. "Sema kinachokuuma."

Aliwasha. Injini ilishika mara moja, ikatulia, ikawa inaunguruma vizuri kama paka aliyeshiba. Konstebo alitikisa kichwa. "Mbona nzima?"

"Imelala, ndiyo maana iko salama. Ngoja niiamshe." Mkaguzi alikanyaga mafuta. Injini haikupanda. Ilisita, ikajivuta, ikajivuta, mpaka mtu akaanza kuona haya kwa niaba yake. Halafu, kama aliyekumbushwa, ikanguruma.

Inspekta alishika mpini wa mwavuli kwa nguvu. Kule kujivuta ndiko kulikomkalisha Taratibu mbele ya lori.

"Tabo limekufa?"

"Nilidhani hivyo." Mkaguzi alizima, akasubiri ipoe, akavua bomba la mpira, akaingiza kidole. Akakizungusha kile kifeni. Kilizunguka bila kukwaruza. Akakitikisa juu chini, hakikucheza. Akakagua mabomba, kiungo kwa kiungo, akitafuta mpasuko. Vibano vyote vilikuwa vimekazwa, alama za bisibisi bado zinang'aa. "Fundi wako hakudanganya. Kazi safi hii."

Akaunganisha mashine yake ya kupimia. Mashine haikuonyesha kosa lolote.

"Na taa ya injini?" aliuliza Inspekta. "Mbona haiwaki?"

"Taa huwaka kitu kikifa, afande, au kikipayuka. Kikisema uongo mdogo unaokubalika, haiwaki." Akaisogeza pikapu ya polisi, ya aina ileile, akaiwasha kando. Akasoma namba kwenye kioo cha mashine, mara huku, mara kule. "Tazama. Hii yetu inasema inavuta hewa nyingi. Ile inasema inavuta nusu tu. Injini sawa, uzima sawa. Mmoja wao ni mwongo."

Aligusa kidude cha plastiki kilichokuwa kati ya sanduku la chujio na bomba la tabo. "Hii ndiyo sensa ya hewa. Ndani kuna waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza. Ukipoa sana, kompyuta ya gari inajua hewa ni nyingi, inatoa dizeli ya kutosha. Sasa angalia nikiitoa kwenye waya wake."

Akaichomoa plagi. Akakanyaga mafuta. Injini ikaruka juu bila kuulizwa mara mbili.

"Umeona? Kompyuta ikikosa habari inakisia yenyewe, na makisio yake yana afadhali kuliko uongo wa sensa." Akaifungua sensa, akaielekeza kwenye jua. Waya ulikuwa umevaa utando wa mafuta wenye vumbi, kama utambi wa taa uliotiwa mchanga. "Ukipakwa hivi haupoi ipasavyo. Unasema hewa ni kidogo. Kompyuta inaamini, inanyima dizeli. Dizeli ikiwa kidogo, moshi hauna nguvu ya kulizungusha tabo. Tabo lisipozunguka, hewa yenyewe haiji. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze."

"Na gari limebeba madebe yaliyojaa."

"Na lori linakuja. Mficha maradhi kilio humfichua, afande. Hata sensa."

Inspekta alisogea karibu. Alikuwa anaangalia sanduku la chujio. "Fungua na hapo."

Mkaguzi alifyatua vibano vinne. Chujio lilikuwa jipya kweli, mikunjo yake ya karatasi bado imenyooka. Lakini lilikuwa limelowa. Lilikuwa limelowa kama andazi lililosahauliwa kwenye karai, mafuta yanachuruzika.

"Mungu wangu," Mkaguzi alisema. "Hili ni la karatasi. Halitiwi mafuta. Aliyefanya hivi amemwaga kopo zima, na upepo umeyabeba yote mpaka kwenye waya."

"Oili ya gereji?"

Mkaguzi alisugua mafuta kati ya vidole, akanusa. "Hapana. Haya ni mepesi, meupe, hayanuki. Sijui ni ya nini." Na katikati ya mikunjo, akaonyesha kwa ncha ya bisibisi, kulikuwa na kipande cha uzi wa buluu, kifupi kama kope.

Maabara ya polisi ilijibu kabla ya Jumatatu. Mtaalamu alipiga simu mwenyewe.

"Mafuta ni ya kulainishia mashine ndogondogo, Inspekta. Cherehani, kwa mfano. Uzi ni wa kushonea. Na kwenye kifuniko cha sanduku tumepata alama za vidole za watu wawili. Za kwanza ni kavu, zimelingana na za mahabusu wako."

"Na za pili?"

"Za pili ziko juu ya zile, zina mafuta. Huyu simjui. Ila nimeshangaa kidogo. Ncha za vidole vyake zimetobolewatobolewa. Vitundu vidogo, vipya, vingi."

"Anafuga nungunungu?" konstebo alidakia.

Inspekta hakucheka. Alikumbuka siku alipokwenda kumpa mpima maziwa pole nyumbani. Alikumbuka ukumbi mdogo wenye sakafu ya saruji, cherehani chini ya dirisha, na mzee aliyeinuka kumsalimu akautazama mwavuli badala ya uso.

"Mtoe fundi," alisema. "Tunakwenda naye."

"Tunampeleka wapi, afande?"

"Kwa baba mkwe wa dada yake."

Baba yake Taratibu alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Mzee Pindo, kwa kuwa pindo zake za mkono hazikuonekana hata ukizitafuta. Suruali iliyopita kwake ilipendeza ndani kuliko nje. Alikuwa mjane, na alikuwa akiishi na mwanawe na mkwewe. Kila siku wote wawili walitoka kabla hakujapambazuka kwenda kwenye maziwa, wakarudi wamechoka, wakala, wakalala.

Walimkuta ameketi kwenye kiti chake cha kazi. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Mkwewe alikuwa anafagia ukumbi uliokwisha kufagiliwa. Alipomwona kaka yake akiingia na pingu, ufagio ulimtoka mkononi.

"Kaka."

"Usilie, dada," fundi alisema. "Ulisema ulichosikia."

Inspekta alivuta kigoda, akaketi mbele ya mzee. Kwenye meza ya kushonea palikuwa na suruali za wateja, zimerundikwa kama mlima, na pindo zote hazijashonwa. Juu yake kulikuwa na kimto cha sindano. Sindano zilikuwa nyingi, zimepangwa safu kama askari gwaride. Hakuna hata moja iliyokuwa na uzi.

"Mzee, pole tena."

"Tumekwisha poa, mama."

"Naomba mkono wako."

"Wa kulia au wa kushoto?"

"Wowote."

Akaunyoosha mkono, ukapita kando kidogo ya mkono wa Inspekta, ukarudi, ukampata. Inspekta aligeuza kiganja juu. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa na vitundu vyekundu, kama karatasi iliyochezewa na mtoto mwenye pini.

Akashusha pumzi. "Mzee, ninakuonya. Si lazima useme neno. Utakalolisema litaandikwa na litatumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Nani alimwaga mafuta kwenye chujio la pikapu?"

"Mimi."

Ufagio ulikuwa chini. Hakuna aliyeuokota.

"Baba," mkwewe alisema. "Baba, usiseme hivyo. Wewe hujui hata boneti inafunguliwa wapi."

"Alinifundisha mwenyewe, mwanangu, ushirika ulipolinunua gari. Alikuwa na furaha ile, akanishika mkono akanionyesha kila kitu. Hapa unavuta, hapa unafyatua. Vibano vinne. Mkono haukusahau."

"Ulifanya lini?" aliuliza Inspekta.

"Usiku ule lilipotoka gereji, likiwa hapo uani. Wao wamelala."

"Ulitia kiasi gani?"

Mzee alipapasa ukingo wa meza mpaka akapata kikopo chenye mdomo mrefu. Akakitikisa. Kilikuwa kitupu. "Mara ya kwanza nilitia matone. Mara hii sikujua yametoka mangapi. Niliendelea mpaka nikahisi kikopo chepesi."

"Mara ya kwanza?" mkwewe akauliza. "Ugonjwa ule wa kabla ya mvua?"

"Mimi pia."

Inspekta alimgeukia fundi. "Ulijua."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nilijua. Nilikuta mafuta mepesi kwenye sensa, nikamwonyesha shemeji. Akayanusa. Akasema, 'Haya ni ya cherehani ya baba.' Nikamwambia nenda kamuulize. Akasema, 'Mzee wangu haulizwi kama mtoto aliyeiba sukari. Ana sababu zake, akitaka kusema atasema.' Aliniapisha nisimwambie mtu, hata dada. Gari nililitibu kwa nusu siku, afande. Yeye ndiye aliyeliacha gereji wiki nzima, akadanganya kwamba sensa imeagizwa mbali. Ili akae na baba yake."

"Na siku ile gereji mkagombana."

"Nilifungua sanduku, nikaona mabaki ya yale mafuta kwenye kona. Nikasema, shemeji, muulize kabla hajarudia, gari hili litakuua. Akacheka tu. Ningepiga kelele zaidi..." Hakumaliza.

Inspekta alielewa basi na lile lililobaki. Tangu ugonjwa ule, mtu mwenye tabia ya Taratibu lazima alikuwa akichungulia chini ya boneti kila asubuhi kabla ya kuondoka. Asubuhi ile hakuchungulia. Gari lilikuwa limetoka mikononi mwa fundi anayemwamini, angetafuta nini?

"Mzee," alisema, na sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Ulitaka mwanao apate ajali?"

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana. Nilitaka gari liugue. Linaugua, halitoki, basi. Mara ya kwanza halikutoka."

"Kwa nini ulitaka lisitoke?"

"Akae nyumbani."

"Kwa nini akae?"

Mkono wa mzee ulikwenda kwenye kimto cha sindano, ukazipapasa moja baada ya moja, na moja ikamchoma, wala hakushtuka.

Inspekta alijua anachopaswa kuandika. Kuua bila kukusudia. Fundi ataachiwa, hilo aliweza. Lakini mzee huyu atapanda kizimbani badala yake, na shahidi atakuwa yuleyule, mpima maziwa, safari hii dhidi ya baba mkwe. Alizunguka lile jambo kichwani akitafuta mlango. Hakuuona. Konstebo alimtazama akisubiri amri ya pingu, naye akatazama dirishani.

Mpima maziwa alitembea mpaka kwenye meza ya kushonea. Alikuwa halii. Alipiga magoti sakafuni, mbele ya kiti cha mzee, akaishika ile mikono yenye vitundu.

"Baba, kuna neno sikumwambia afande. Niliona ni letu. Asubuhi ile aliposema mgonjwa wetu kaamka, alinivuta sikio, akaninong'oneza. Alisema, 'Nikishusha maziwa haya mjini, narudi mapema. Leo nitakaa na baba. Leo nitamuuliza anataka nini.'"

Mzee alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Alikuwa anarudi, baba. Hebu niambie mimi. Wiki ile alikaa hapa, kwenye kigoda hiki, kutwa mnapiga soga, yeye anachezea sindano zako. Ulikuwa unaimba. Sikuwa nimekusikia ukiimba tangu mama afariki. Ulitaka nini?"

"Ni aibu, mwanangu."

"Aibu ipi iliyobaki?"

Mzee Pindo aliinua uso, akauelekeza mahali sauti ilipotoka. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe ambao watu wa nyumba ile, wanaotoka kabla ya alfajiri na kurudi giza limeingia, hawakuwahi kuuona kwenye mwanga.

"Sioni tundu la sindano," alisema. "Tangu mwaka jana sioni. Wiki ile alizitunga uzi zote, akicheza tu, kama alipokuwa mdogo, hata hakujua kwamba ananisaidia. Nikashona mpaka zikaisha." Akapapasa kimto, akachomoa sindano moja tupu, akaishika mbele ya uso wake kana kwamba kuna mtu wa kumpa. "Nilitaka anitungie uzi. Basi. Anitungie, halafu aende zake kazini."